Mhakiki na Wasomaji Wake: Uhakiki wa Kiswahili kati ya Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala hii inajadili swali ambalo limeufuata uhakiki wa fasihi ya Kiswahili tangu ulipohamia vyuoni: je, mhakiki amwandikie mjuzi wa fani au msomaji wa kawaida? Swali linachunguzwa kwa kuangalia eneo moja la kusini-magharibi mwa Uganda, yaani makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara. Katika eneo hilo wasemaji wengi wa Kiswahili hawana istilahi za uhakiki, ilhali wanafunzi wengi wenye istilahi hizo hawakukulia katika Kiswahili. Kwa kutumia mfano wa Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, makala inaonyesha kuwa mgawanyo wa wasomaji kati ya wajuzi na umma haulingani na namna maarifa yalivyogawanyika miongoni mwao. Inapendekeza kuwa mhakiki amlenge msomaji anayeijali kazi, awe na istilahi au asiwe nazo, na kwamba kila hukumu iambatane na ushahidi ambao msomaji huyo anaweza kuukagua mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Mhakiki wa Kiswahili anapoandika mapitio ya riwaya au diwani huwa na wasomaji wa namna mbili. Yupo aliyezama katika fani, anayejua historia yake, aliyesoma kazi za awali za mwandishi na anayetaka kuambiwa kazi mpya imeongeza nini. Yupo pia anayetaka kujua kama kitabu kinastahili fedha na muda wake. Mhakiki akimwandikia wa kwanza, wa pili hupotea kabla ya kumaliza ukurasa. Akimwandikia wa pili, wa kwanza hulalamika kuwa anaelezwa mambo anayoyajua.

Wapo wanaolitatua tatizo hili kwa methali: asiyejua maana haambiwi maana. Kwa maoni yao, uhakiki ni mazungumzo ya wajuzi, na asiyeelewa aende kwanza kujifunza. Wengine hujibu kuwa fasihi ni mali ya umma na kwamba mhakiki asiyeeleweka na umma huo anajitumikia mwenyewe. Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja ambalo halijathibitishwa, nalo ni kwamba wajuzi na umma ni makundi mawili yanayotambulika kwa urahisi, moja likiwa na maarifa na jingine likiyakosa. Makala hii inalipinga dhana hilo. Ikiwa maarifa yanayohitajika ili kuisoma kazi ya Kiswahili yamegawanyika kwa namna nyingine, basi swali la nani aandikiwe linahitaji kuulizwa upya.

2.0 Hadhira mbili za kusini-magharibi mwa Uganda

Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda, na ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi barani Afrika. Yapo katika Wilaya ya Isingiro, inayopakana na Tanzania, kusini-mashariki mwa Mbarara. Wakazi wake, ambao idadi yao imepita laki moja, wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na Wakongo ndio kundi kubwa zaidi. Kwa wengi waliotoka mashariki ya Kongo, Kiswahili si lugha ya kujifunza darasani. Ni lugha ya nyumbani, ya soko na ya ibada, na ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba ya Kongo ya 2006.

Kiswahili hicho hakifanani na kile cha vitabu vya shule. Msemaji wa Kivu husema "bitabu" na "batoto" pale ambapo Kiswahili sanifu kina "vitabu" na "watoto", na huiita serikali "leta", neno lililotokana na Kifaransa. Mwalimu anayesahihisha kwa kalamu nyekundu huziona fomu hizo kuwa makosa. Hata hivyo, jirani yao Mnyankore naye husema "ebitabo". Kiambishi kinachofutwa daftarini ndicho kinachoweza kuwakutanisha wanafunzi wawili waliotoka pande mbili za mpaka.

Mbarara ina historia nyingine. Lugha ya wenyeji ni Runyankore, na Kiswahili kilijulikana zaidi kupitia kambi ya jeshi, biashara na safari. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi walikisikia kama lugha ya amri. Vita vya 1978 na 1979, vilivyoufikisha mji huo mikononi mwa majeshi yaliyotoka Tanzania, viliongeza kumbukumbu nyingine za Kiswahili kilichosemwa na watu wenye bunduki. Hadhi ya kisheria ilibadilika baadaye. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, mtaala wa sekondari ya chini wa 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa mawili ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mpango wa kukifanya lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari.

Matokeo yake ni hali isiyo ya kawaida. Mwanafunzi wa Mbarara anaweza kuitaja tashbihi, takriri na mbinu rejeshi kabla hajawahi kucheka kwa mzaha uliotolewa kwa Kiswahili. Mama wa Nakivale anayesimulia hadithi usiku anazitumia mbinu hizo zote na hajawahi kuyasikia majina yake. Nani kati ya hao wawili ni mjuzi, na nani ni msomaji wa kawaida? Kwa kipimo cha istilahi, mwanafunzi ndiye mjuzi. Kwa kipimo cha lugha, mambo yamegeuka. Mhakiki anayesema kuwa anaandikia umma hana budi kueleza anamkusudia yupi, kwa sababu maelezo yanayomfaa mmoja yanaweza kuwa mzigo kwa mwingine.

3.0 Mhakiki mbele ya hadhira yake

Utengano huu haukuwepo siku zote. Katika mapokeo ya ushairi wa pwani, hukumu juu ya kazi ilitolewa na mshairi mwingine, mara nyingi kwa shairi. Malumbano ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu, katika karne ya 19, yalikuwa siasa na uhakiki kwa wakati mmoja. Aliyejibu alilazimika kuonyesha kwamba ameelewa alichokijibu, na kwamba anaweza kukitunga vizuri zaidi. Wasikilizaji walikuwa watu wa mji, na hawakuhitaji kuwa washairi ili watambue nani ameshindwa.

Uchapishaji uliupanua uwanja huo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa washairi ukurasa ambamo mtu wa Tanga aliweza kumjibu mtu asiyemfahamu aliyeko bara. Kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka 1954, kiliandikwa na mjuzi wa hali ya juu, lakini kilimkusudia yeyote aliyetaka kutunga. Kiliziweka kunga wazi ili zijifunzwe.

Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 unafundisha zaidi. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani vya mapokeo, ubishi uliozuka haukubaki chuoni. Wanamapokeo na wanamageuzi walishambuliana vitabuni, magazetini na katika mikutano. Jambo lililobishaniwa lilikuwa la kitaalamu kabisa: je, vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi la Kiswahili au ni vazi linaloweza kuvuliwa? Lakini kila msomaji wa gazeti aliyekuwa amewahi kuimba shairi aliona kuwa lake limo hatarini. Ubishi wa wajuzi ulikuwa ubishi wa umma kwa sababu uliihusu kazi yenyewe, na kwa sababu kila upande ulitoa mifano ambayo msomaji aliweza kuisoma kwa sauti na kuipima kwa sikio lake.

Tangu hapo mikondo miwili imetengana. Mkondo wa kwanza ni makala ya kitaaluma. Makala ya namna hiyo mara nyingi huanza na maelezo marefu ya nadharia, hufuata muhtasari wa kazi, kisha huonyesha kuwa kazi inakubaliana na nadharia. Ni nadra kumwambia msomaji kama kazi ni nzuri. Mkondo wa pili ni mwongozo wa shule, unaoigawa kazi katika dhamira, wahusika, mandhari na tamathali, ili mtahiniwa apate la kuandika. Huu nao hautoi hukumu, kwa sababu kitabu kilichoteuliwa kwa ajili ya mtihani huchukuliwa kuwa kimekwisha kuhukumiwa. Hivyo, pale ambapo mjadala wa kawaida huona hadhira ya wajuzi na hadhira ya umma, hali halisi ya Kiswahili ina mtahini na mtahiniwa. Msomaji anayesoma kwa hiari yake mwenyewe, awe mjuzi au asiwe mjuzi, amebaki bila mhakiki.

4.0 Mtafsiri wa filamu kama mhakiki

Upo hata hivyo uhakiki mmoja wa Afrika Mashariki ambao haujaipoteza hadhira yake, ingawa si kawaida kuutaja katika makongamano. Ni ule wa mtafsiri wa filamu katika vibanda vya video. Tanzania ilimfahamu Lufufu, Kenya inamfahamu DJ Afro, na Uganda ina mabingwa wake wanaotumia Kiluganda, akiwemo VJ Jingo. Kazi yao huitwa tafsiri, lakini ni zaidi ya hiyo. Mtafsiri humtambulisha mwigizaji na kukumbusha filamu aliyoigiza kabla, hueleza kwa nini adui amechukua hatua fulani, hukejeli tukio lisiloaminika, humpa mhusika jina la mtaani, na huwaonya watazamaji kuwa jambo kubwa linakuja. Kwa maneno ya kitaaluma, anatoa muktadha, anafasiri na anahukumu.

Mtu huyu ni mpenzi wa fani kwa maana kamili ya neno. Ameitazama filamu mara nyingi kuliko yeyote aliyemo kibandani, na anaijua aina yake ndani nje. Hata hivyo, anaowahudumia ni watu waliolipa kiingilio na wanaoweza kuondoka. Hawezi kujificha nyuma ya istilahi, na hawezi pia kuwadharau, kwa sababu miongoni mwao wamo walioiona filamu hiyo wiki iliyopita na watakaomsahihisha kwa sauti. Ujuzi wake ndio unaomvutia asiyejua, na kuwapo kwa asiyejua ndiko kunakomlazimisha kuueleza ujuzi huo.

Lakini mfano huu una mipaka yake. Mtafsiri wa filamu huzungumza juu ya kazi kazi yenyewe ikiendelea, hivyo sauti yake huifunika. Mtazamaji asiyejua lugha ya awali hana njia ya kukagua kama alichoambiwa kimo ndani ya filamu au kimetungwa papo hapo. Burudani inaweza kuvumilia hali hiyo, lakini uhakiki hauwezi. Kinachofaa kuigwa kwake ni uhusiano wake na hadhira. Kisichofaa kuigwa ni uhuru wake wa kusema bila kuonyesha ushahidi.

5.0 Peponi: kitabu kimoja, wajuzi watatu

Mfano wa riwaya unaweza kuonyesha uzito wa suala hili. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1994 na kuingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker ya mwaka huo. Baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Inasimulia habari za Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili anayechukuliwa na tajiri Aziz kama rehani ya deni la baba yake, katika miaka ya utawala wa Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Yusuf anakaa dukani pwani pamoja na Khalil, aliyewekwa rehani kabla yake. Baadaye anaingia bara na msafara wa biashara, unaovuka ziwa na kufika kwa mtawala aitwaye Chatu.

Mjuzi wa kwanza wa riwaya hii ni mwanatafsiri. Atauliza nini hutokea hadithi iliyoandikwa kwa Kiingereza kilichojaa mwangwi wa Kiswahili inaporudi katika Kiswahili. Anayo mambo ya thamani ya kusema. Khalil humtania Yusuf kwa kumwita "kifa urongo". Katika maandishi ya Kiingereza jina hilo linasimama kama neno geni ambalo msomaji wa London hulipita au hulibahatisha. Kwa Mswahili wa pwani ni mmea mdogo unaokunja majani yake ukiguswa, kana kwamba umekufa. Ghafla utani wa Khalil una picha: mtoto anayejikunja ili asidhurike. Ujuzi wa aina hii haupatikani kwa kubahatisha, na mhakiki asiyekuwa nao angeipoteza sehemu ya riwaya. Lakini tazama inavyochukua sentensi mbili tu kuueleza, na inavyokuwa faida kwa msomaji wa Nakivale pia, ambaye huenda anaujua mmea huo kwa jina jingine.

Mjuzi wa pili ni mwanafunzi au mwalimu wa Mbarara, aliyesoma fasihi ya Kiafrika kwa Kiingereza na anayekisoma Kiswahili kwa jitihada. Yeye anaweza kuziweka nakala mbili mezani na kuzilinganisha, jambo ambalo wasomaji wengi wa pwani hawatajishughulisha nalo. Kwake, swali la "Ami" na "Seyyid" si dogo. Yusuf humwita Aziz ami, na Khalil humkanya kuwa huyo si ami yake. Anayejifunza lugha hulitambua jambo ambalo mzawa hulipita kwa mazoea: jina la udugu linaweza kulifunika deni, na kubadilisha namna ya kumwita mtu ni kuutambua ukweli wa hali yako.

Mjuzi wa tatu ni msomaji wa Nakivale aliyetoka mashariki ya Kongo, na huyu ndiye ambaye mhakiki hamtarajii. Kiswahili chake kilifika kwao kwa njia hiyo hiyo ya misafara ambayo riwaya inaisimulia. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara wa pembe na watumwa, akiwemo Hamed bin Muhammed el-Murjebi aliyejulikana kama Tippu Tip, waliingia Manyema na kuweka vituo vyao Nyangwe na Kasongo, na lugha ikabaki baada ya biashara kwisha. Tippu Tip mwenyewe aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hiyo msimulizi wa pwani alikuwa na kitabu chake mapema. Mtu wa bara aliyepitiwa na msafara hakuwa nacho.

Msomaji huyu anapokutana na wasafiri wa pwani wanaowaita watu wa bara washenzi, hawezi kulisoma neno hilo kama pambo la kihistoria. Anauliza riwaya inasimama upande gani. Jibu la haki ni kwamba Gurnah hakulificha tatizo. Chatu anapewa nafasi ya kuwashutumu wafanyabiashara kwa dhuluma ya waliowatangulia, na msomaji anaona kuwa shutuma hiyo ina msingi. Hata hivyo, maneno ya Chatu yanatufikia kupitia mkalimani wa msafara, na tunayasikia tukiwa tumesimama pamoja na Yusuf, upande wa waliokuja. Riwaya inawaonea huruma watu wa pwani kwa ukaribu, na watu wa bara kwa mbali. Huo ni uamuzi wa kisanaa wenye sababu, kwani Yusuf hangeweza kujua zaidi ya anachoambiwa. Lakini ni uamuzi wenye gharama, na mhakiki anapaswa kuitaja.

Nani angeliona suala la mkalimani kwa haraka kuliko mtu ambaye maombi yake ya hifadhi yalisikilizwa kupitia mkalimani? Mkimbizi anajua maana ya kueleza msiba wako kwa lugha yako na kuuona unaandikwa kwa lugha nyingine na mtu usiyeweza kumkagua. Katika jambo hili yeye ndiye bingwa, na mhakiki wa chuoni ndiye msomaji wa kawaida. Mapitio ya Peponi yanayoishia katika nadharia za ulinganifu wa tafsiri yatamnyima mhakiki swali bora kuliko yote ambayo kitabu hiki kinaweza kuulizwa na msomaji wa Kiswahili, na sababu ya kulikosa itakuwa kwamba aliyeweza kuliuliza hakuhesabiwa kuwa mmoja wa wasomaji.

6.0 Utetezi wa uhakiki wa wajuzi

Hoja iliyotolewa hadi hapa inaweza kueleweka vibaya kuwa ni wito wa kuurahisisha uhakiki. Ni lazima utetezi wa wajuzi usikilizwe, kwa kuwa una ukweli ndani yake.

Kwanza, kuna mambo ambayo hayawezi kusemwa bila istilahi. Anayetaka kueleza kwa nini beti mbili zenye vina sawa haziendi kwa mwendo mmoja anahitaji neno mizani. Kulikwepa neno hilo ili kumfurahisha msomaji ni kumnyima chombo cha kufanyia kazi. Fundi seremala haoni aibu kuitaja randa mbele ya mteja.

Pili, kazi ngumu zinahitaji wasomaji waliojiandaa. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi haziwezi kupimwa kwa swali la kama zina kisa kinachofuatika. Lau wahakiki waliojiandaa wasingezishughulikia, huenda zingehukumiwa kuwa makosa ya mwandishi aliyechoka. Mhakiki anayewaza soko pana tu hushawishika kuzipita kazi kama hizo, na umma nao huzikosa.

Tatu, uandishi unaojiita wa umma una ugonjwa wake. Mapitio mengi ya magazetini husimulia kisa hadi karibu na mwisho, hutaja shule aliyosoma mwandishi, kisha humpongeza. Hilo ni tangazo. Msomaji wa kawaida hatendewi haki kwa kudanganywa kwa lugha nyepesi.

Hoja hizi tatu zinathibitisha kuwa ujuzi hauna mbadala. Hazithibitishi kuwa ujuzi ni lazima uzungumze na wenye shahada peke yao. Neno mizani lililoelezwa mara moja ni mali ya msomaji tangu hapo. Ugumu wa Nagona unaweza kuelezwa kwa kuonyesha ukurasa mmoja na kusema riwaya inamdai msomaji nini na inamlipa nini. Na ugonjwa wa mapitio ya sifa hautibiwi kwa nadharia, kwani makala ya kitaaluma isiyotoa hukumu ina ugonjwa huo huo, ila imevaa joho.

7.0 Kumlenga msomaji anayejali

Kutokana na mjadala huu, msomaji anayefaa kulengwa na mhakiki ni yule anayeijali kazi. Msomaji huyo anaweza kuwa profesa, mwalimu wa sekondari ya Mbarara au mwanakwaya wa kanisa la Nakivale anayejua tenzi nyingi kuliko wote wawili. Hatakiwi kuwa na istilahi kabla ya kusoma, lakini hahitaji kubembelezwa. Ana maarifa yake, na hadhira pana kwa kweli ni mkusanyiko wa watu wa namna yake, wanaojua mambo tofauti na anayoyajua mhakiki.

Mhakiki anayemlenga msomaji huyo ana wajibu wa aina tatu. Aeleze kazi ni ya namna gani kwa uaminifu unaomwezesha ambaye hajaisoma kuifikiria. Atoe hukumu, kwa sababu aliyesoma kwa niaba ya wengine anadaiwa maoni yake. Na aonyeshe ushahidi katika maneno ya kazi yenyewe, ili msomaji aweze kukataa. Wajibu wa tatu ndio unaozikutanisha hadhira zote. Mjuzi hukagua ushahidi kwa kuulinganisha na kazi nyingine, na asiye na istilahi huukagua kwa kuulinganisha na lugha na maisha anayoyajua. Wote wawili wamefanywa waamuzi.

Utaratibu wa kuandika nao unafuata hapo. Dai liwekwe mbele kwa lugha ya kila siku, mfano ufuate, na istilahi ije pale inapofupisha kazi. Nadharia ipewe nafasi kulingana na inachokionyesha ndani ya kitabu kinachohakikiwa, na ikiwa kitabu kingesomeka vilevile bila nadharia hiyo, iondolewe. Lahaja zisitumiwe kama kipimo cha ujinga. Msomaji anayesema "bitabu" anaweza kuwa amevisoma vizuri kuliko anayesema "vitabu".

8.0 Hitimisho

Uganda inaingia katika kipindi ambacho maelfu ya wanafunzi watakutana na fasihi ya Kiswahili kwa mara ya kwanza, na walimu wa kuwafundisha ni wachache. Wakiikuta fasihi hiyo ikiwa imezungukwa na miongozo ya mtihani upande mmoja na makala zisizosomeka upande wa pili, watajifunza kuorodhesha tamathali na kukisahau Kiswahili siku ya mwisho ya mtihani. Na katika wilaya jirani wataendelea kuwapo watu wanaokiishi Kiswahili kila siku, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanaonaje kuhusu riwaya inayohusu njia iliyoleta lugha yao.

Mhakiki hawezi kuziondoa peke yake kasoro za mitaala, uhaba wa vitabu au umbali kati ya makazi na jiji. Anachoweza ni kuandika kwa namna ambayo mwalimu wa Mbarara ataisoma makala yake kwa faida, na kijana wa Nakivale ataisoma na kuona mahali pa kumpinga. Uhakiki unaopingika na wengi una uwezekano mkubwa wa kusahihishwa unapokosea, na katika hilo wajuzi ndio watakaofaidika kuliko wote, maana ndio wenye hukumu zinazosubiri kusahihishwa.